Miguu Niliyoivisha Chuma

Walioniomba niandike haya ni vijana wa karakana, na nina hakika waliniomba ili niache kwenda pale kila asubuhi kuwasimamia. Sawa. Nimestaafu, muda ninao, na daftari langu lina kurasa nyingi kuliko subira ya msomaji yeyote. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana hata aliyenipandisha hakumbuki. Nitaandika kuhusu polio na kile inachoiachia miguu ya watu, kwa sababu iko siku mtaletewa mguu wa namna hiyo, na vitabu vyenu vya siku hizi vimeupa ukurasa mmoja na picha isiyoonekana vizuri.

Niliingia kazi hii kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa fundi katika kiwanda cha viatu cha umma, mbali na kwetu, kiwanda ambacho wiki nzima kilitoa viatu vya kushoto tu, tukingoja ngozi ije ili wiki inayofuata tutoe vya kulia. Mageuzi yalipokuja tukaambiwa kila kitu ni ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuagiza kutoka nje, na sisi wa kiwandani tukagundua kuwa ilikuwa pia ruksa kurudishwa nyumbani. Marobota ya mitumba yakashuka, watu wakavaa viatu ambavyo watu wa Ulaya wamevichoka, na viatu vyetu vya kushoto vikabaki ghalani. Nikarudi Tukuyu nikiwa na barua ya kunishukuru kwa utumishi mwema na nyundo moja niliyosahau kuirudisha.

Hospitali moja ya huku Rungwe ilikuwa na chumba nyuma ya jengo la kufulia, mlangoni pameandikwa KARAKANA YA IUNGO. Herufi ya V ilidondoka kabla sijafika na hakuna aliyeona sababu ya kuirudisha. Ndani kulikuwa na benchi, jiliwa la kubania vyuma, jiko la mkaa, tindo tatu, gunia la plasta lililoanza kuganda kwa unyevu, na Mzee Salum. Mzee Salum alikuwa mtoto wa mjini hapa hapa. Baba yake alishona viatu jirani na soko, naye alishona viatu miaka mingi kabla hospitali haijamchukua afunge vyuma vya miguu. Alikuwa mfupi, na aliangalia miguu ya mtu kabla ya kuangalia uso. Wengi walidhani ni aibu. Ilikuwa kazi.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Unajua kushona?"

"Najua. Nimekuwa kiwandani miaka tisa."

"Kila mtu anajua kushona. Unajua kuangalia?"

Akanitupia jozi ya viatu vya ngozi vilivyochakaa, akaniambia nimweleze mwenye viatu ni mtu wa namna gani. Nikavigeuza, nikasema ngozi ni duni na uzi umeshonwa mbali mbali. Nilisema kwa sauti ya mtaalamu. Mzee Salum alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo baadaye nilijua lilikuwa dalili mbaya, kisha akachukua kiatu cha kulia na kunionyesha soli.

"Hapa mbele pametoboka. Kisigino ni kipya kama siku kilipotoka dukani. Huyu anakanyagia vidole tu. Sasa hiki cha kushoto. Umeona kimelika upande wa nje? Mguu huu ndio unaombeba, na umeanza kuchoka. Ni mkulima, tope la milimani hilo. Na aliugua polio utotoni. Mwite aingie, yuko hapo nje anasubiri viatu vyake."

Aliyeingia aliitwa Tumpe. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kidogo kutoka Lufingo, mwenye shamba la chai na migomba, na binti mmoja aitwaye Subilaga. Mumewe alikwenda Chunya kutafuta dhahabu na inaelekea bado anaitafuta. Polio ilimpata Tumpe akiwa na miaka mitatu: homa ya siku chache, kisha asubuhi moja mguu wa kulia haukusikia alichouambia. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka akafika umri wa kwenda shule. Baadaye akajifundisha kutembea mwenyewe, kwa kushika migomba, mmoja hadi mwingine.

Mguu ule ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na baridi hata wakati wa jua. Msuli wa mbele ya paja haukuwepo kabisa; ukibonyeza unakutana na mfupa. Unyayo ulikuwa umevutwa chini, kisigino hakifiki ardhini. Lakini jambo lililonishangaza lilikuwa goti. Aliposimama, halikuishia kunyooka, lilipitiliza likarudi nyuma, kama mlango uliofunguliwa kupita kipimo chake. Alitembea kwa kuutupa mguu kutoka nyongani, vidole vinatua, goti linarudi nyuma, kisha yeye anapita juu yake. Akipanda kilima alisukuma paja kwa kiganja.

Mzee Salum alinipa viatu vyake nivitie soli mpya. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, naye akaenda msikitini. Nikaona hapo ndipo pa kuonyesha ujuzi wangu. Kisigino hakifiki chini? Basi nitakiletea ardhi huko huko juu. Nikachonga kisigino cha mti, nikakivalisha ngozi, nikakipigilia chini ya kiatu cha kulia. Kilikuwa kizuri sana. Kiwandani kwetu wangekipiga picha.

Tumpe akavaa, akasimama, akaonekana mrefu na aliyenyooka. Nikatabasamu. Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, goti likakunjika mbele kama kisu cha mfukoni, akaanguka juu ya ndoo ya plasta.

Nilimwinua nikiomba radhi kwa lugha zote mbili ninazozijua. Akajifuta plasta usoni, akasema taratibu, "Fundi, polio ilinikuta sijui kitu, nikiwa mtoto. Wewe umenikuta mtu mzima, ningeweza kukukimbia. Kosa ni langu."

Mzee Salum aliporudi alinikuta bado nakwangua sakafu. Hakunigombeza. Alimkalisha Tumpe, akachukua mkono wangu akauweka juu ya paja lake lililo hai, la kushoto, akamwambia anyooshe goti. Msuli ukajaa mkononi mwangu. Kisha akauhamishia mkono paja la kulia. "Nyoosha, mama." Kimya. Hakuna kilichosogea.

"Huo msuli wa mbele ndio unaozuia goti lisikunjike mtu anaposimama," alisema. "Huyu hana. Kwa hiyo mwili umetafuta njia nyingine. Akikanyaga kwa vidole, kisigino kikiwa juu, ardhi inalisukuma goti nyuma, nalo likifika nyuma linajifunga. Hiyo ndiyo kufuli yake. Wewe ukamwekea kisigino kirefu, ukalisukuma goti mbele, ukafungua kufuli. Ungempiga teke ingekuwa kazi fupi zaidi."

Akaling'oa pambo langu kwa tindo, akaweka soli yenye unene sawa toka mbele hadi nyuma, kufidia ufupi wa mguu bila kugusa ile kufuli. Tumpe akatembea. Akasimama katikati ya chumba, akainua mikono yote miwili. "Hivi ndivyo ninavyochuma chai," akaniambia, kama mtu anayemfafanulia mgeni.

Mzee Salum alinieleza jambo la pili siku hiyo. Lile goti lililala juu ya mishipa ya nyuma kila hatua, na mishipa hiyo ingevutika kidogo kidogo mpaka iume. Hapo ndipo angehitaji chuma kirefu, kutoka pajani hadi kiatuni, chenye kufuli ya goti. Alishamshauri mara mbili. Tumpe alikataa mara mbili. "Chuma hicho kina uzito," alisema, "na kile kilima cha Lufingo mtakuja kunisaidia kukipanda?" Mzee Salum aliniambia, "Ana haki. Yeye ndiye anayepanda."

Miaka iliyofuata sikukosa shule. Bohari ya serikali iliacha kuleta ngozi, ikaacha kuleta riveti za kukazia vyuma, na mwisho ikaacha kuleta hata barua za kueleza kwa nini haileti. Tukajitegemea. Chuma bapa tulikata kutoka kwenye vitanda vilivyokufa vya wodini. Ngozi tulitoa kwenye mabegi ya mitumba. Nimemvalisha katekista wa kijiji mkanda wa paja uliotokana na begi la mwanamke wa Ulaya, lenye kifungo cha dhahabu ya uongo, na alikipenda kile kifungo kuliko chuma chenyewe.

Wafadhili nao walikuja, maana milango ilikuwa wazi. Walituletea viti vya magurudumu, vyeusi, vinang'aa, vyenye matairi membamba ya kuteleza kwenye sakafu ya hospitali za kwao. Tulivigawa kwa sherehe, na mgeni rasmi akamkalisha mtu wa kwanza mbele ya kamera. Rungwe, kama mnavyojua, ina mahali tambarare panapotosha uwanja mmoja wa mpira. Miezi mitatu baadaye nilitembelea nyumba tano kati ya zilizopewa. Viti viwili vilikuwa vinabeba ndizi kwenda sokoni, kimoja kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo ya zizi badala ya lango, na kimoja alikuwa amekikalia mama mzazi wa mgonjwa, akiwa mzima kabisa, akimenya maharage. Cha tano kilikuwa bado kwenye nailoni. Mwenyewe alikuwa ametambaa kwenda kanisani.

Mzee Salum alistaafu macho yalipomshinda, na mwaka uliofuata tukamzika. Aliniachia tindo zake. Herufi ya V hakuirudisha.

Hapo ndipo ilipoletwa kambi ya upasuaji. Kila mwaka, kwa wiki moja, daktari bingwa kutoka mji mkubwa alikuja na wafadhili wake kunyoosha miguu ya watu wenye ulemavu. Alikuwa kijana, mwenye haraka, na mikono yake ilikuwa mizuri kweli. Mkono mzuri naujua nikiuona. Mwaka wa kwanza alimpasua Gwakisa, fundi cherehani wa sokoni, mwenye mguu uliofanana na wa Tumpe. Akairefusha kano ya nyuma ya kisigino, unyayo ukalala chini sawasawa. Picha zikapigwa kabla na baada. Wageni wakaondoka Jumamosi. Plasta ikafunguliwa wiki sita baadaye, wageni wako kwao. Gwakisa akasimama kwa unyayo mzima kwa mara ya kwanza maishani, goti likakunjika, akaanguka. Kufuli yake ilikuwa imekatwa. Tangu hapo akawa mtu wa magongo mawili, na mtu wa magongo mawili hawezi kumpima mteja.

Nilimweleza mganga mkuu wetu. Akasema niandike ripoti. Nikaandika. Akasema ripoti nzuri sana, akaiweka kwenye faili.

Kambi iliporudi mwaka wa pili, nikaona orodha ukutani, na jina la tatu lilikuwa la Tumpe. Nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa wa nje, amevaa kitenge chake kizuri.

"Umekubali?" nikamuuliza.

"Nesi kaja mpaka Lufingo kunifuata. Kasema nitakanyaga kama watu wengine." Akanitazama. "Na mimi sijawahi kukanyaga kama watu wengine, fundi. Nilitaka nijue wanasikiaje."

Nilimweleza tu yaliyompata Gwakisa na kwa nini. Akalikunja na kulikunjua pindo la kitenge. Kisha akasema, "Kamwambie huyo daktari. Mimi akiniona ataona mguu tu."

Tumpe alipopewa kitanda wodini, bingwa akapita na wanafunzi wake, wageni wawili na mpiga picha wao. Nikasimama mbele ya kitanda.

"Samahani, daktari. Mguu wa mama huyu usinyooshwe."

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa karakana."

"Fundi wa nini hasa?"

"Nilianza na viatu."

Wanafunzi wakacheka. Hata mimi ningecheka. "Basi tuachie sisi mguu," alisema, "tukimaliza tutakuletea umpime kiatu."

"Naomba dakika tano na kipande cha ubao. Ukiona nimekosea, sitaongea tena mpaka mwakani."

Nadhani ilikuwa kamera iliyomfanya akubali. Hakutaka kuonekana ana kiburi mbele yake. Nikamwomba Tumpe asimame bila kushika kitu. Akasimama, goti nyuma, mikono hewani. Kisha nikamwambia ashike kitanda, nikasukuma ubao chini ya kisigino chake, ule ubao ukijaza nafasi yote.

"Sasa, daktari, unyayo wake umekanyaga wote, kama utakavyokuwa baada ya kisu. Mama, achia kitanda. Nimekushika."

Akaachia. Goti likaenda mbele. Nilimdaka upande mmoja na bingwa, kwa mikono ile mizuri, akamdaka upande wa pili.

"Rudia," alisema bingwa. Nikarudia. Mara ya tatu aliniondoa, akapiga magoti mwenyewe akauweka ubao, akatazama goti kwa jicho la karibu, akabonyeza paja na kukuta mfupa. Tumpe, aliyekuwa ameangushwa mara tatu kwa ajili ya elimu, akauliza, "Mimi nitaulizwa lini?"

"Naam, mama," alisema bingwa, bado yuko chini.

"Sitaki. Nina chai ya kuchuma."

Akafuta jina lake kwenye orodha. Kisha akaniuliza, sauti chini, "Yule fundi cherehani wa mwaka jana?"

"Ana magongo mawili. Yuko sokoni, karibu na wauza chumvi."

Mchana ule bingwa alikwenda sokoni peke yake, bila wanafunzi, bila kamera. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba jioni Gwakisa aliletwa karakana kwa gari la hospitali, na bingwa mwenyewe akashika mguu wakati nampima chuma kirefu chenye kufuli. Akaniuliza maswali mpaka mkaa ukaisha. Gwakisa alirudi kusimama. Hakurudi kutembea kama zamani, na sitawadanganya kuhusu hilo, lakini aliweza tena kumzunguka mteja na futi yake. Na bingwa, kila aliporudi, alipita kwanza karakana kabla ya kutundika orodha. Mganga mkuu alitoa ripoti yangu kwenye faili, akaisoma kwenye mkutano kama vile ameiandika yeye.

Sasa nieleze kosa langu la pili, maana mkidhani nilikuwa na akili muda wote mtaharibu watu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tumpe alikaribia miaka arobaini na mitano. Akaja akilalamika kuwa mguu wake mzima, ule wa kushoto, unachoka kabla ya saa sita mchana. Unauma, unakakamaa, na umeanza kukonda. Goti la kulia nalo lilikuwa linaenda nyuma zaidi na kuvimba. Na mwili wote ulikuwa na uchovu ambao kulala hakuuondoi. Mimi nilikuwa nimetoka semina. Semina ile ilitufundisha kwamba dawa ya udhaifu wote ni mazoezi, na tulipewa fulana inayosema hivyo. Nikamwambia Tumpe apande kilima cha kwao mara mbili kila siku bila mzigo, kuupa mguu nguvu.

Tumpe akatii. Alipanda wiki sita. Alipanda kwenye mvua ya Rungwe, ambayo haina adabu. Akarudi kwangu akiwa ameshika ukuta.

"Fundi," alisema, "mguu huu umefanya kazi ya miguu miwili miaka arobaini. Na wewe ukauongezea zamu."

Niliona haya. Nikamwandikia bingwa barua, naye akajibu kurasa mbili kwa mwandiko wake. Akaeleza kuwa polio mara nyingi haigusi mguu mmoja tu. Ule tunaouita mzima nao ulipoteza neva kadhaa utotoni, na zilizobaki zikabeba kazi ya zilizokufa. Baada ya miongo kadhaa nazo zinachoka. Ukizilazimisha, msuli unaisha badala ya kukua. Mpunguzie kazi, aliandika, apumzike kabla hajachoka, achume chai akiwa ameegemea kitu, mpe fimbo, na goti la kulia lifungwe chuma sasa, kabla mishipa ya nyuma haijakatika. Mwisho aliandika: "Usimpandishe kilima."

Fulana ile nilifanya tambara la kupakia mafuta.

Lakini kijijini palikuwa na madaktari wengine. Miaka ile mtu akikonda na kuchoka, jirani hakuhitaji kupima. Alikuwa na jibu tayari. Wakaanza kusema Tumpe ana ugonjwa wa siku hizi. Akapimwa, akaonekana hana. Karatasi haikusaidia, wakasema karatasi zinanunuliwa. Kwaya ya kanisani alikoimba ikampangia kiti chake peke yake, kwa upendo. Kisha likaja kubwa. Subilaga alikuwa ameposwa na kijana wa Masoko, mwalimu, na mambo yamefika mbali. Mshenga akaja kusema wazee wa upande wa kijana wanaomba kungoja kidogo, "mpaka afya ya nyumbani ijulikane."

Tumpe alikuja karakana siku iliyofuata, akakaa kwenye benchi, akanyoosha mguu wa kulia. "Nipime," alisema. "Na kiwe tayari kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Nimewaita wote."

Nilikifanya kwa chuma bora nilichokuwa nacho, chepesi kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na goti nikaliacha lirudi nyuma kidogo tu, pale pale mwili wake ulipozoea, pasipo kuumiza. Tulifanya mazoezi ya kufunga na kufungua kufuli uani. Alinitukana mara kadhaa. Jumamosi ikafika, akanitaka niwepo kama mjomba wa mtoto, kwa kuwa wajomba wa kweli walikuwa wametuma salamu.

Wageni wa Masoko walikuwa tisa. Kiongozi wao alikuwa Mzee Ambakisye, baba mkubwa wa kijana, mwenye koti la sufi na sauti ya kuzoea kusikilizwa. Alianza hotuba ndefu ya heshima iliyozunguka zunguka bila kutua. Tumpe, aliyekuwa amekaa, akafunga kufuli, akasimama kwa fimbo moja, katikati ya wakwe zake.

"Tata," alimwita mzee kwa heshima ya kwetu, "nimesikia mnauliza ninaumwa nini. "Nipo. Niulizeni mimi."

Hakuna aliyeuliza. Basi akainua kitenge mpaka juu kidogo ya goti.

Mnaojua heshima ya wakwe kwa Wanyakyusa, ambako mkwe hatazamwi ovyo, mtaelewa kilichotokea nyumba ile. Wanaume wote wakagundua kwamba paa lina mabati mazuri. Mshenga alifunga macho kama mtu anayeombewa. Mama mmoja akasema, "Yesu!" Lakini Tumpe hakushusha.

"Tazameni. Nilikuwa na miaka mitatu. Homa siku nne, mguu ukafa. Ugonjwa huo mnaonong'ona ulikuwa haujazaliwa. Mguu huu wa pili umenibeba mpaka nikamsomesha huyu binti, na sasa umechoka. Mimi sifi. Nimechoka. Kama mnaogopa mtu aliyechoka, nendeni salama. Kama kuna kingine, semeni nikiwa nimesimama, maana kukaa kwangu kunachukua muda."

Mwishowe Mzee Ambakisye akashusha macho kutoka darini, polepole, yakapita kitenge yakatua kwenye chuma. Akakitazama zaidi ya adabu.

"Kukaa unakaaje na kitu hicho?" aliuliza.

Tumpe akavuta kishikio, kufuli ikalia ta!, goti likakunjika, akakaa. Akasimama, ikalia tena. Bibi mmoja wa Masoko akacheka kwanza, kisha wote. Chai ikaletwa. Walipoondoka, siku ya ndoa ilikuwa imeshapangwa, na Tumpe alikuwa amelala kitandani na viatu, hana nguvu hata ya kufurahi. Subilaga ndiye aliyemvua chuma. Aliolewa mwezi huo, na mama yake akakaa nusu ya ibada na kusimama nusu, kwa ratiba niliyompangia.

Mimi nilidhani habari imeishia hapo. Lakini Jumatatu asubuhi, siku mbili tu baada ya kikao kile, nilipofungua karakana, Mzee Ambakisye alikuwa wa kwanza kwenye benchi, na koti lake la sufi. Pembeni yake, chini, juu ya kipande cha turubai, alikaa mwanamke wa makamo. Magoti yake yalikuwa yamekunjamana na hayakunyooka, nyonga pia, na viganja vyake vilikuwa na sugu nene kama soli, kwa kutambaa.

"Dada yangu," alisema mzee. "Polio. Nilipomwona yule mama juzi, nikasema na huyu naye umfungie chuma."

Nikapiga magoti kuyagusa yale magoti. Nyuma palikuwa pagumu kama kamba iliyokaushwa.

"Ametambaa miaka mingapi?"

"Kama thelathini na mitano."

"Na hospitali iko hapa miaka yote hiyo."

Nikamwambia ukweli: goti lililokunjamana miaka thelathini na mitano halifunguki kwa sababu mwenye nyumba ameona aibu Jumamosi moja. Huenda bingwa akaweza kulinyoosha kidogo, huenda asiweze. Kusimama sikuahidi. Ila viganja vile na magoti yale yangeweza kupata ngozi ya kuyakinga leo leo, na kigari cha chini chenye magurudumu mapana ningeweza kukitengeneza kwa wiki moja. Kisha nikachukua daftari la wagonjwa.

"Jina lake?"

"Andika tu dada wa Ambakisye," alisema mzee.

"Sikukuuliza wewe," nilimwambia. "Nenda kasubiri nje."

Akasita, akainuka, akatoka. Yule mwanamke akaangalia mlango mpaka ukafungwa. Akajiweka sawa juu ya turubai, akapangusa viganja vyake kwenye kitenge, na kwa sauti ya mtu ambaye hajatumwa na yeyote, akanitajia majina yake matatu, moja baada ya jingine, akingoja nimalize kuandika kila moja.